Koti lenye betri: historia ya joto la kuvaliwa, kutoka ndege za vita hadi mawe ya Kolwezi



Kuna swali ambalo limeturudia mara nyingi kwa simu na kwa ujumbe. Mtu anasema: ndugu yangu yuko Marekani, au yuko Kanada, anafanya kazi ndani ya ghala la barafu, na ametuma picha akiwa amevaa koti lenye betri linalotoa joto lenyewe. Je, kitu kama hicho kipo kweli? Hakiwezi kumuunguza? Na je, ni kweli kwamba betri hiyo imetengenezwa kwa mawe yanayochimbwa kwetu Kongo?

Jibu la haraka ni hili: koti hilo lipo, lina hatari zake, na mawe ya kwetu yamo katika betri nyingi za aina hiyo. Lakini jibu la haraka halitoshi. Koti hilo lina historia ya zaidi ya miaka mia moja, na ndani ya historia hiyo kuna jambo linalotuhusu sisi: ni nani alipewa joto kwanza, na kwa sababu gani. Leo tuifuate historia hiyo hatua kwa hatua.

Joto linatoka wapi

Kila aliyepika kwa resho ya umeme anajua jambo lenyewe hata kama hajui jina lake. Umeme ukipita katika waya unaoukatalia njia, waya ule unapata moto. Aliyepima jambo hilo kwa hesabu ni Mwingereza James Prescott Joule, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia karibu na Manchester. Karibu mwaka 1840 alionyesha kwamba mkondo wa umeme ukiongezwa mara mbili, joto halizidi mara mbili tu, linazidi mara nne. Ndiyo maana waya mbovu wa nyumbani, ukibebeshwa umeme kupita kiasi, huchoma nyumba kabla watu hawajanusa moshi.

Lakini kujua hesabu si sawa na kuwa na koti. Waya wa kawaida ukiwashwa mara nyingi huungua na kukatika. Mwaka 1905 Mmarekani Albert Marsh alichanganya nikeli na kromu akapata waya unaoweza kuwa mwekundu kwa moto, ukapoa, ukawashwa tena, bila kuliwa upesi na hewa. Waya wa aina hiyo ndio uliojaza dunia resho, pasi na mashine za kuoka mkate. Tangu hapo, ili mtu avae joto, kilikosekana kitu kimoja tu: mahali pa kuchukua umeme akiwa anatembea.

Waliokuwa wa kwanza walikuwa angani

Baridi ya kwetu tunaijua. Anayeishi Masisi juu, au kwenye vilima vya Minembwe, anajua asubuhi ambapo vidole havikunji. Aliyepanda Nyiragongo, mita 3,470, anajua kulala huku meno yanagongana. Sasa fikiria mtu aliyekaa mahali palipo juu kuliko kilele cha Karisimbi, ambacho kina mita 4,507, hana paa, hana kioo cha kumkinga, na upepo unampiga kwa mwendo wa ndege.

Ndivyo walivyofanya kazi marubani wa vita vya kwanza vya dunia, kati ya mwaka 1914 na 1918. Ndege zao zilikuwa wazi. Walipaka mafuta ya nyangumi usoni ili ngozi isigande. Walivaa ngozi za wanyama na manyoya mpaka wakashindwa kugeuka. Mwaka 1917 rubani mmoja wa Australia, Sidney Cotton, alibuni vazi la kipande kimoja lenye tabaka kadhaa, lililoitwa Sidcot, nalo likatumika kwa miaka mingi baada ya vita.

Katika miaka ya mwisho ya vita hivyo yalionekana pia mavazi ya umeme: glavu, soksi za viatu na fulana zenye waya ndani. Umeme ulitoka kwenye mashine ndogo iliyofungwa nje ya ndege, ikizungushwa na upepo. Ndege ikiruka, upepo unazungusha, umeme unapatikana, mikono inapata joto. Mashine ikikwama, rubani anaganda. Vazi lilikuwa limefungwa kwenye ndege kama mbuzi kwenye kamba: ukishuka, joto linabaki nyuma.

Vita vya pili: waya mmoja ukikatika

Jambo likawa kubwa zaidi katika vita vya pili vya dunia. Kuanzia mwaka 1942, ndege za Marekani za B-17 ziliruka kutoka Uingereza kwenda kupiga mabomu katika Ulaya iliyotawaliwa na Ujerumani. Ziliruka kwenye urefu wa karibu mita 7,600. Kilele cha Margherita katika Ruwenzori, mlima wetu mrefu kuliko yote, kina mita 5,109. Ongeza juu yake mita 2,500 nyingine ndipo ufike walipokuwa wale vijana. Huko baridi ilishuka hadi nyuzi 40 au zaidi chini ya sifuri. Wapiga bunduki wa ubavuni walisimama mbele ya madirisha yaliyo wazi kwa masaa mengi. Bunduki ikikwama, mtu alivua glavu ili aifungue, na ngozi ya vidole ikabaki imenata kwenye chuma.

Katika mwaka wa kwanza wa kazi hiyo, waliotolewa vitani kwa sababu ya kuganda mikono, miguu na uso walikuwa wengi kuliko waliojeruhiwa na risasi za adui. Wakubwa wa jeshi waliona kwamba baridi inawamalizia watu waliogharamiwa mafunzo marefu. Ndipo pesa za mavazi bora zaidi ya umeme zikapatikana.

Kampuni ya General Electric ilikuwa tayari imetengeneza vazi lililoitwa F-1, la rangi ya samawati, ambalo askari walilitania kwa jina la sungura wa bluu. Lilitumia umeme wa volti 24 kutoka kwenye ndege. Lakini lilikuwa na ugonjwa mmoja mbaya. Waya zake zilipangwa mfululizo: umeme ulipita mwilini, mikononi na miguuni kwa njia moja. Waya ukikatika kwenye glavu moja, vazi zima linazimika. Mtu aliyepata hitilafu ya kidole kimoja alijikuta mwili wote uko kwenye baridi ya kuua, na uwanja wa ndege uko mbali kwa masaa.

Mavazi yaliyofuata, F-2 na F-3, yalipangwa kwa njia nyingine, kila sehemu na mkondo wake. Glavu ikiharibika, inakosa joto glavu hiyo tu. Fundi wa umeme wa mtaani kwetu anajua tofauti hiyo: ni tofauti ya taa za sherehe za zamani, ambapo moja ikiungua zote zinazimika, na taa za nyumba, ambapo ya chumbani ikiungua ya sebuleni inaendelea kuwaka. Somo hilo lilinunuliwa kwa vidole vya watu, na mpaka leo makoti mazuri hufuata mpango huo.

Wakati huohuo, Katanga

Vita hivyohivyo vilikuwa na upande wetu. Baada ya Ubelgiji kutekwa na Wajerumani mwaka 1940, shaba ya Katanga iliuzwa kwa Uingereza kwa ajili ya vita. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, iliongeza uzalishaji. Wafanyakazi Wakongo waliambiwa wafanye kazi zaidi, na bei ya vitu sokoni ilipanda huku mshahara ukibaki chini.

Mnamo Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière huko Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, waligoma kudai nyongeza. Tarehe 9 Desemba walikusanyika kwenye uwanja wa mpira. Askari waliwafyatulia risasi. Msemaji wao, Léonard Mpoyi, aliuawa, na makumi ya wenzake walikufa pamoja naye.

Nayaweka mambo haya mawili pamoja kwa sababu yalitokea katika vita vimoja. Angani, mtu akipoteza vidole, tajiri wa vita alihesabu hasara na akatafuta fundi. Chini, mtu aliyechimba madini ya vita hiyohiyo alipodai mshahara wa kumlisha mtoto, alijibiwa kwa risasi. Joto na ulinzi havikugawiwa kwa kadiri ya mateso. Viligawiwa kwa yule ambaye kumpoteza kungemgharimu mwenye amri.

Betri nzito, mchimbaji na mpanda pikipiki

Baada ya vita, wengi waliota kumpa joto mfanyakazi wa kawaida: mvuvi wa bahari ya kaskazini, mjenzi wa nyumba, mtu wa kutengeneza reli usiku. Tatizo lilikuwa ni lilelile. Mtu wa kawaida hana ndege ya kumpa umeme. Anahitaji betri, na betri ilikuwa mzigo.

Tukumbuke kwamba mchimbaji wa migodi alikuwa miongoni mwa wafanyakazi wa kwanza kubeba betri mwilini kila siku. Zamani wachimbaji walivaa taa zenye moto wazi kichwani, na moto ule ukikutana na gesi ya mgodi, watu walikufa kwa makundi. Karibu mwaka 1914 Thomas Edison wa Marekani alitoa taa ya umeme ya kichwani, na betri yake ikafungwa kiunoni. Kwa mwanga mdogo wa taa, betri ile ilitosha zamu nzima. Lakini joto linakula umeme kuliko mwanga. Betri ya risasi ya kuwasha koti siku nzima ingekuwa mzigo wa kumchosha mtu.

Waliopata njia ya katikati ni wapanda pikipiki. Pikipiki ina mashine yake ya umeme, kwa hiyo inaweza kulisha koti kama ndege ilivyolisha vazi la rubani. Miaka ya 1970, katika jimbo la Washington huko Marekani, fundi wa chuma Gordon Gerbing alianza kutengeneza nguo za umeme za wapanda pikipiki, akizichomeka kwenye betri ya pikipiki yenyewe. Wamotari wetu wa Goma na Butembo, wanaofunga magazeti kifuani chini ya jaketi ili upepo wa alfajiri usiwachome, wangemuelewa mara moja. Lakini hata yeye aliyevaa nguo ile alibaki amefungwa kamba. Akishuka kwenye pikipiki, joto limekwisha.

Wawindaji na wavuvi wa barafu walijaribu soksi zenye waya, zikiwashwa na mawe makubwa ya tochi yaliyofungwa kwenye mguu. Joto lilikuwa dogo na mawe yaliisha upesi. Hapo historia ya koti ikasimama, ikisubiri betri nyepesi.

Jiwe la Kolwezi

Kwetu betri ya redio au ya tochi huitwa jiwe. Tunasema mawe ya redio yamekwisha, nenda dukani ulete mawe. Aliyeanza kusema hivyo pengine aliangalia umbo na uzito tu, lakini katika betri za leo neno hilo limekuwa kweli kabisa.

Mwaka 1980, huko Oxford, John Goodenough na wenzake walionyesha kwamba mchanganyiko wa lithiamu na kobalti unaweza kuhifadhi umeme mwingi katika kitu kidogo. Akira Yoshino wa Japani akaendeleza kazi hiyo mwaka 1985, akapata betri iliyo salama zaidi. Mwaka 1991 kampuni ya Sony ikaanza kuiuza. Mwaka 2019 Goodenough na Yoshino, pamoja na Stanley Whittingham aliyeanza utafiti huo miaka ya 1970, walipewa tuzo ya Nobel ya kemia. Goodenough alikuwa na miaka 97.

Kumbuka wakati wenyewe. Mwaka 1978, miaka miwili tu kabla ya kazi ya Oxford, Kolwezi ilishambuliwa katika vita vya Shaba. Uzalishaji ulivurugika, bei ya kobalti duniani ikapanda mara kadhaa, na viwanda vya Ulaya na Marekani vikaanza kutafuta namna ya kupunguza kobalti kwenye vyuma vyao. Lakini betri mpya ikairudisha kobalti mbele, kwa nguvu kuliko kwanza.

Betri ya lithiamu hubeba umeme mara nne au tano kuliko betri ya risasi ya uzito uleule. Kwanza iliingia kwenye kamera, kisha kwenye simu, kompyuta, na mashine za kutoboa za mafundi ujenzi. Na hapo ndipo koti lilipopatikana. Kuanzia karibu mwaka 2010, kampuni ya vifaa ya Milwaukee ya Marekani ilianza kuuza koti linalotumia betri ileile ya mashine zake za volti 12. Bosch, Makita na DeWalt wakafuata. Mantiki yao ilikuwa rahisi: fundi tayari ana betri kwenye sanduku lake la kazi, basi avae moja. Baada ya hapo makoti na fulana za bei nafuu, zinazotumia betri ya kuchajia simu, zilijaa katika masoko ya nchi za baridi.

Sasa, kobalti hiyo inatoka wapi? Katika miaka ya karibuni zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani imetoka Kongo, hasa Kolwezi na maeneo mengine ya Lualaba na Haut-Katanga. Si kila betri ina kobalti. Kuna betri za chuma na fosfati ambazo hazina kabisa, na zinaongezeka hasa kwenye magari. Lakini betri ndogo za kuvaliwa, za simu na za vifaa vya mafundi, nyingi bado zinayo, gramu kadhaa kila moja.

Sehemu kubwa ya kobalti yetu inatoka kwenye migodi ya makampuni yenye mashine. Sehemu nyingine inatoka kwa wachimbaji wa mikono, wanaoshuka mashimoni kwa kamba, wengi bila kofia ngumu, bila viatu vya kazi. Shimo likiporomoka, habari hufika redioni kama idadi tu. Mwaka 2018 serikali iliitangaza kobalti kuwa madini ya kimkakati na ikapandisha ushuru wake kutoka asilimia 3.5 hadi 10. Mnamo Februari 2025 ilisimamisha kuiuza nje ili bei ipande, na mnamo Oktoba mwaka huo ikaweka kiwango maalum kwa kila kampuni. Hayo ni maamuzi ya hazina ya taifa. Mchimbaji wa shimo yeye anauliza jambo moja: kwa kilo, leo nitalipwa ngapi?

Koti lenyewe linafanyaje kazi

Turudi kwa ndugu yetu aliye katika ghala la barafu. Chakula kilichogandishwa huwekwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Mtu anayepanga makatoni humo haoni jua wala theluji, lakini mwili wake unapigwa baridi zamu nzima.

Koti lake lina vipande vyembamba vya nyuzi za kaboni au waya laini, kwa kawaida viwili kifuani na kimoja mgongoni. Betri iko mfukoni. Kuna kitufe chenye ngazi tatu, za chini, kati na juu.

Tufanye hesabu ndogo. Betri ya volti 7.4 yenye ampea-saa 5 ina wati-saa 37. Koti likila wati 10, betri itadumu chini kidogo ya masaa manne, na kwenye baridi kali itadumu chini ya hapo, kwa sababu baridi huipunguzia betri nguvu. Zamu ya masaa manane inahitaji zaidi ya betri mbili, au kuwasha na kuzima kwa akili.

Je, wati 10 ni nyingi? Mwili wa mtu aliyekaa tu hutoa joto la karibu wati 100, na akifanya kazi hutoa mara kadhaa zaidi. Kwa hiyo koti halimpashi mtu moto kama jiko. Linaongeza kidogo mahali panapofaa. Kifua na mgongo vikipoa, mwili hufunga mishipa ya damu ya vidole ili kulinda moyo na mapafu. Vidole huanza kufa ganzi kwanza. Watafiti wa taasisi ya jeshi la Kanada mjini Toronto walionyesha kwamba ukipasha kifua joto la kutosha, vidole hupata damu tena hata bila glavu nene. Mama zetu wanaofunga kitenge kifuani kwa mtoto kabla ya kumfunika miguu walikuwa wamefika hapo zamani.

Kwa sababu hiyo koti la betri haliondoi haja ya nguo za kawaida. Nguo ya ndani iliyokauka, sweta katikati, kitu cha kuzuia upepo juu: hizo ndizo zinazoshika joto. Koti la betri juu ya fulana iliyolowa jasho ni betri inayoteketea bure.

Haki na hatari

Hapa nawaomba wenye ndugu ng'ambo wasome polepole, kwa sababu kuna pesa na kuna afya.

Kwanza, nani anunue koti? Wakongo wengi waliopelekwa Marekani kutoka kambi kama Nyarugusu ya Tanzania na Nakivale ya Uganda walianza maisha kwenye maghala na viwanda vya nyama, kwa sababu kazi hizo hazidai Kiingereza kingi. Wengi walijinunulia nguo za baridi kwa mshahara wa kwanza wakidhani ndiyo desturi. Sheria ya kazi ya Marekani ya mwaka 2007 inasema tajiri halazimiki kulipia koti la kawaida la kujikinga na hali ya hewa ya nje. Lakini baridi ya ghala la barafu si hali ya hewa. Ni baridi iliyotengenezwa na mashine ya tajiri mwenyewe. Nguo za kinga zinazohitajika humo haziingii kwenye msamaha huo. Katika nchi za Umoja wa Ulaya pia, vifaa vya kinga vinavyohitajika kazini hutolewa na tajiri bila malipo. Hii haimaanishi kila mtu atapewa koti la betri. Inamaanisha mtu ana haki ya kuuliza kabla hajatoa pesa yake, na kuuliza pia juu ya dakika za kupumzika kwenye chumba chenye joto.

Pili, ngozi. Koti halihitaji kuwa la moto sana ili liunguze. Joto la nyuzi 44 likigusa ngozi kwa masaa mengi linaweza kuichoma. Mwenye kisukari, au mtu ambaye ngozi yake imekufa ganzi kwa baridi, anaweza asisikie. Koti livaliwe juu ya nguo, si juu ya ngozi tupu, wala mtu asilale nalo likiwa limewashwa.

Tatu, betri. Betri ya lithiamu isichajiwe ikiwa bado imeganda. Iachwe kwanza ipate joto la nyumba, la sivyo inaharibika ndani bila kuonekana. Betri iliyovimba, iliyoanguka vibaya au kutobolewa itolewe kazini na isichomwe wala kutupwa kwenye jalala, kwa sababu ikishika moto hauzimiki kirahisi. Koti likifuliwa, betri itoke kwanza.

Nne, safari. Anayetaka kuleta koti hilo nyumbani kwa ndege ajue kwamba betri za akiba hazikubaliwi kwenye mizigo ya chini. Zinabebwa mkononi, na kwa kawaida zisizidi wati-saa 100 kila moja. Na koti likifika sokoni kwetu ndani ya balo la mitumba bila betri, mtu asichomeke betri yoyote aliyoiokota. Volti zikizidi, waya hupata joto kupita kiasi. Joule alishatuambia mara nne.

Mnaosoma haya mkiwa chini ya mahema

Najua kwamba wengi wenu mnaosikiliza hamna koti la betri wala la pamba. Usiku wa mvua mnajifunika bache moja watu wanne. Mazamu anayelinda duka mjini anakesha akiwa amekaa karibu na makaa. Kwenu historia hii inaweza kusikika kama habari za matajiri.

Lakini tazama tena ilivyokwenda. Rubani alipata joto kwa sababu hesabu ya kumpoteza iliandikwa na kupelekwa kwa wakubwa: wangapi wameganda, siku gani, kwa sababu gani. Mfanyakazi wa ghala alilindwa na sheria baada ya vyama vya wafanyakazi na wakaguzi kuandika hesabu kama hiyo kwa miaka mingi. Baridi isiyohesabiwa haina fundi. Kwa hiyo, kamati za kambi na za familia zinazopokea wahami, andikeni. Mtoto aliyepelekwa hospitali kwa sababu ya baridi, andikeni tarehe na umri wake. Mablanketi yaliyofika na yasiyofika, andikeni. Wachimbaji wa Kolwezi wenye vyama vyao nao wafanye vivyo hivyo kwa mashimo yaliyoporomoka. Orodha hiyo mkimpelekea daktari wa eneo, shirika la misaada au redio ya karibu, itakuwa na nguvu kuliko malalamiko ya mdomo.

Na ninyi wenye ndugu katika maghala ya barafu, mtumieni maelezo haya kwa simu. Mwambieni kwanza aulize kazini juu ya koti kabla hajalinunua. Kisha mwambieni pia jiwe lililo mfukoni mwake huenda lilitoka wapi, na ni mikono ya nani iliyolitoa.